Nilivyomfuta Simba Uso

Wageni wakiingia kwangu huangalia kwanza kipande cha blanketi la kijivu kilichotundikwa ukutani kimejaa beji, halafu hunitazama mimi, halafu hurudi ukutani. Hawaelewi bibi mzee mwenye kitambaa kichwani, mwenye kuku watatu na goti bovu, alifikaje kuwa na beji nyingi hivi za polisi za zamani. Wengine, naona machoni mwao, hudhani niliolewa na mwizi. Mume wangu alikuwa askari, tena mwaminifu mpaka ikawa kero, kama nitakavyoeleza.

Siku hizi kuna vijana wa mjini wanaokusanya beji, na wazungu wawili watatu wa makamo wanaokuja na vioo vya kukuzia. Hao wote wana ugonjwa mmoja: wanataka beji ambayo simba wake ana meno yote. Wakikutana na beji iliyolika huirudisha mezani kwa vidole viwili, kama waliookota nepi ya mtoto. Mimi nazitaka hizo hizo zilizolika. Beji iliyokaa kwenye sanduku la stoo maisha yake yote haina la kunieleza. Lakini nikiona simba aliyebaki kivuli, najua nyuma yake kulikuwa na mwanamke, kitambaa, na pengine hasira kidogo.

Somo la kwanza ninalowapa ni taji. Juu ya kichwa cha simba kuna taji, na taji ndilo linalotaja umri wa beji. Taji la mfalme lina mgongo wa duara, kama kifuniko cha sufuria. Taji la malkia limebonyea katikati, kama mto uliolaliwa. Ukiona mgongo, beji ni ya kabla ya binti kukalia kiti cha baba yake. Ukiona bonde, ni ya baadaye, miaka ile ya hamsini mpaka bendera ya Uingereza iliposhushwa. Mtu akikuletea beji yenye bonde, akakuapia kwamba babu yake aliivaa kabla ya vita vikuu vya pili, mnyweshe chai na umuage salama.

Mimi sikulisoma somo hilo kitabuni. Lilinifikia nyumbani, likanigharimu.

Nilizaliwa Dundori, kwenye shamba la mzungu, na baba yangu alikuwa mtu wa maziwa. Kazi yetu sisi watoto wake ilikuwa kuosha mikebe. Mzungu yule alikuwa na tabia ya kupitisha kidole ndani ya mkebe kisha kukinusa, na kidole kikinuka, siku yetu sote ilikuwa imeharibika. Kwa hiyo nilijifunza kusugua mapema kuliko kusoma. Nilijua njia moja tu: unasugua mpaka mkono uchoke, unapumzika, halafu unasugua mara nyingine kwa sababu ya kile kidole.

Niliolewa miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nikaletwa Nakuru kwenye laini ya polisi, zile safu za nyumba za askari. Bwana wangu alikuwa konstebo. Tulipewa chumba kimoja, jiko nje, bomba moja la maji kwa safu nzima. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na kuna mambo niliyoyaona kutoka mlangoni pa chumba kile ambayo si ya kuchekea. Wenye uchungu huo wameuandika na wataendelea kuuandika. Mimi hapa naandika juu ya shaba, kwa sababu hata mwaka mbaya una Jumatano zake, na Jumatano watu walisugua vitu.

Pale bombani ndipo ilipokuwa serikali ya wanawake. Kila mke alikuja na beji ya kofia ya bwana wake, kishikizo cha mkanda na vifungo, akakaa chini, na ushindani ukaanza. Dawa ya kung'arishia ilitoka stoo kwenye vikopo vidogo na haikutosha kamwe, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na siri yake. Mmoja alitumia jivu na limau. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mke wa mpiga tarumbeta, alitumia dawa ya meno, na ukisimama karibu na bwana wake ulijua kwamba hakubakishiwa.

Mimi nilikuwa na mawe meupe. Yalitoka kwenye machimbo karibu na Gilgil, mawe mepesi ajabu, unayavunja kwa mkono. Niliyasaga, nikayachekecha kwa kitambaa, nikachanganya na maziwa lala, na kwa uji ule nikamshika simba. Beji ya bwana wangu ilikuwa ya zamani, shaba nzito, simba amesimama kwa miguu ya nyuma chini ya taji la mfalme. Nilimsugua kama mkebe wa maziwa. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Sajini alisema mbele ya watu kwamba beji ya bwana wangu huonekana kabla bwana mwenyewe hajaonekana. Nilivimba kichwa. Nilianza hata kutoa mashauri kwa wenzangu bila kuombwa.

Mtaniuliza kama sikuona. Sikuona. Anayesugua hatazami picha, anatazama mwanga, na mwanga ulikuwapo tele.

Mambo yangebaki hivyo kama mama mkwe hangekuja. Aliletwa na kikohozi, atibiwe hospitali ya Nakuru kwa wiki moja. Wiki ile ilipita, zikapita nyingine, na kikohozi kikazoea mji. Mama mkwe alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Lakini alikuwa na usingizi mwepesi na maoni mazito. Tulimtundikia shuka katikati ya chumba liwe pazia, yeye huku, sisi na mtoto wetu kule. Tukinong'ona upande wetu, yeye alijibu upande wake. Bwana wangu akiniuliza jambo la faraghani, mama alikohoa kwanza, kisha akatoa uamuzi. Na kutoka alikuwa hatoki. Baridi ya Nakuru, alisema, imemwekea kisasi, na mlangoni hapiti ila akienda hospitali.

Sasa, makoplo walikuwa na vyumba viwili. Na katikati ya vyumba hivyo kulikuwa na mlango. Mlango wa mbao, wenye komeo! Nilikuwa nikipita mwisho wa safu makusudi ili niutazame. Jina la bwana wangu lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaongojea tepe za ukoplo, na la pili lilikuwa la mpiga tarumbeta. Tepe zilikuwa zitangazwe kwenye gwaride la Jumamosi moja, na mimi tayari nilikuwa nimeamua kitanda kitakaa upande gani.

Alhamisi ya wiki ile jirani yangu alikuja bombani na habari.

"Umesikia? Jumamosi hizi beji zote zinarudi stoo. Zinakuja za malkia."

"Si vizuri? Zitakuwa mpya."

"Vizuri ndiyo. Lakini afande mwenyewe atazikagua moja moja kwanza, na ile kioo yake. Yenye imeharibiwa ni mashtaka. Mali ya serikali."

Hapo inabidi nimtambulishe afande. Alikuwa mzungu mkuu wa stesheni, mtu mrefu asiyesumbua, ila alikuwa na wazimu wa beji. Ofisini kwake kulikuwa na ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani, na juu yake alizipanga: za reli, za magereza, za polisi wa machifu, za Uganda na za Tanganyika. Askari akirudi safari alijua kwamba zawadi ya afande si kuku. Ilisemekana kwamba zile za zamani zilizo nzuri zaidi hazitafika stoo kabisa, zitapotelea kwenye kile kitambaa. Kwa hiyo kioo chake kilikuwa hakipiti juu juu.

Niliinua beji mkononi mwangu nikaitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Simba hakuwapo. Mwili ulikuwapo kidogo, mkia ulikuwapo, taji lilikuwa limebaki uvimbe. Lakini uso ulikuwa laini kabisa, kama uliopakwa mafuta. Jirani yangu akachungulia, akatazama pembeni haraka, akaanza kusugua yake kwa uangalifu mpya. Mashtaka maana yake tepe hakuna, na tepe hakuna maana yake pazia.

Nilimweleza mama mkwe kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine ndani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa.

"Si umchoree mwingine?" akasema.

Kwao walichora vibuyu, kwa hiyo aliona ni jambo dogo. Ijumaa, jua likiwa la utosi na bwana wangu kazini, nilikaa kizingitini na msumari mwembamba wa kiatu na kijiwe cha kugongea. Nilianza na macho. Yalitoka vizuri, makubwa, kila moja upande wake. Nikaweka pua pana yenye matundu mawili. Nikaona masikio yamepotea, nikampa, nikayalaza pembeni. Mdomo nilimfunga, maana simba mwenye mdomo wazi alionekana kama anasema kitu. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote, na nilipomaliza nilifurahi kweli. Nikampelekea mama mkwe.

Alimgeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Huyu," akauliza, "anatoa galoni ngapi?"

Nilimnyang'anya nikatazama tena. Nifanyeje? Simba sikuwahi kumwona. Dundori tulikuwa na baridi, viazi na ng'ombe, na mkono wangu ulikuwa umechora uso ulioujua. Chini ya taji la mfalme alisimama ng'ombe mpole, mwenye manyoya ya shingo, akingoja kukamuliwa. Mama mkwe alicheka mpaka kikohozi kikampata kwa haki.

Bwana wangu alirudi alasiri. Nilimpa beji. Alimtazama yule mnyama kwa muda mrefu, akanitazama mimi.

"Ametoka vizuri," akasema, akaibana kwenye kofia.

"Wakikuuliza, sema ulipewa hivyo hivyo stoo. Umesikia, baba? Ulipewa hivyo."

"Nimesikia."

Bwana wangu alikuwa mtu wa maneno machache kuliko mlango.

Jumamosi sisi wanawake tulisimama kwenye ua wa michongoma kutazama gwaride. Kutoka pale uliona miili, maneno hukuyasikia. Afande alipita safu ya mbele, akitazama, akitupa beji kwenye sanduku lililobebwa na sajini. Akafika kwa bwana wangu. Akaweka kioo jichoni. Akainuka. Akainama tena. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika, na nikashika mkono wa jirani yangu nikaubana, kwa sababu mzungu anayecheka hana mashtaka. Nikamwona akiuliza kitu, bado anatikisika. Nikamwona bwana wangu akijibu. Mabega yakatulia. Afande akauliza tena, bwana wangu akajibu tena, na beji haikuingia sandukuni. Iliingia mfukoni mwa afande.

Tepe alizipata mpiga tarumbeta.

Nilimngojea nje ya mlango. Alikuja na beji mpya, taji limebonyea, simba ana meno yote.

"Vipi?"

"Hawajanipa."

"Ulisema nilivyokuambia?"

"Hapana."

"Sasa ulisema nini?"

"Nilijibu nilivyoulizwa."

Zaidi ya hapo hakusema, na mimi nikasema kwa niaba yetu sote wawili. Nilimgombeza pale nje safu nzima ikisikia. Nilimwambia ana mdomo wa kulia ugali tu. Nilimwambia mtu mzima ameshindwa kusema maneno manne aliyofundishwa na mkewe. Wanawake waliacha kusugua ili wasikie vizuri. Mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aje, hakuwa na maoni.

Na sikuishia siku ile. Msimu mzima wa mvua nilimtania, na utani wangu ulikuwa na meno. Nikipakua chakula nilisema, "Konstebo, mezani." Mtoto akilia nilimwambia anyamaze, baba yake ni mtu mkubwa, ana chumba kizima. Bwana wangu alisema asante akala. Beji mpya sikuigusa. Aliing'arisha mwenyewe kwa mate na soksi kuukuu, na haikung'aa. Nilikuwa naona nina haki. Nilikuwa nimetoa jasho langu kwa simba yule, na yeye kwa ukimya wake alikuwa ameutupa mlango wangu.

Jirani yangu alihamia mwisho wa safu. Alinialika chai mara tatu kabla sijakubali, maana wivu ulikuwa haujanitoka. Siku niliyokwenda alinionyesha mlango. Aliufungua akaufunga, akaufungua tena akaufunga, na mimi nikausifu huku nikitamani uanguke. Halafu akamimina chai, akakaa, akaonekana hana raha.

"Mimi hii nyumba sikai nayo vizuri," akasema. "Kila nikikuona roho inaniuma. Lakini si sisi. Ni bwana yako mwenyewe."

"Najua. Alishindwa kuongea."

"Kwani hakukuambia?"

Bwana wake alikuwa amesimama bega kwa bega na wangu siku ile, na alikuwa amesikia kila neno. Afande alikuwa anakufa kwa kicheko. Aliuliza kwa kile Kiswahili chake, "Nani nafanya hii ngombe? Bibi yako nafanya? Kama bibi nafanya, hakuna shauri." Hakuna shauri! Alikuwa tayari amempenda yule mnyama, alikuwa tayari anamtafutia nafasi kwenye kitambaa cha kijani. Ilikuwa aseme tu ndiyo, gwaride zima licheke, tepe zitolewe, watu waende zao.

"Na yeye akasema nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Akasema, 'Hapana, afande. Ni mimi.' Afande akamwuliza tena, pole pole, kama kumsaidia. 'Si bibi?' Akasema, 'Bibi hajui habari ya hii beji. Ni mimi.' Basi. Askari akikwaruza mali ya serikali kwa mkono wake, afande angefanya nini? Ilibidi amkate kwa orodha."

Sikumaliza chai. Nilirudi nikipitia nyuma ya safu ili nisionwe uso. Bwana wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wetu na soksi yake, anasugua beji ile isiyong'aa.

"Simba wa zamani," nikamwambia. "Ulikuwa unamwona akiisha?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa ukiimba ukimsugua."

Nilikaa chini kando yake. Halafu nikauliza lile lililonileta.

"Kwa nini hukusema ni mimi? Alikuwa anacheka. Tungepata nyumba."

"Ndiyo, alikuwa anacheka," akasema. "Angekucheka wewe. Na sajini, na wale wote. Kila ukienda bombani wangekuulizia ng'ombe." Alipumulia beji, akaifuta. "Mimi wakinicheka si kitu."

Nilitaka ardhi ya Nakuru ipasuke, na huko hupasuka kweli. Mtu huyu alikuwa ametoa tepe zake ili nisichekwe, na kwa msimu mzima aliyemcheka ni mimi, mbele ya mama yake, mbele ya mtoto wake, kila sahani ya chakula. Nilimpenda siku ile mpaka nikaogopa. Na kwa kuwa nilikuwa nimemgombeza kwa sauti, niliona hakuna haki kumwomba msamaha kwa kunong'ona. Nikasimama pale pale nje, saa kumi alasiri, wanawake wamejaa bombani, nikasema kwa nguvu zangu zote kwamba yule ng'ombe nilimchora mimi, kwa msumari, na kwamba bwana wangu hakukwaruza kitu chochote cha serikali, na kwamba anisamehe.

Walicheka. Walicheka mpaka ndoo zikamwagika, na mmoja akalia kama ndama. Bwana wangu akainuka, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo askari wa siku zile hakuwa akilifanya, akaniingiza ndani.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake upande wake wa pazia. Alikuwa amesikia yote, maana lini hakusikia? Alimtazama mmoja wetu, akamtazama wa pili. Akajifunga blanketi, akamchukua mtoto mgongoni, akabeba kiti chake mwenyewe mpaka nje.

"Nakwenda kuota jua," akasema, akatufungia mlango. Wingu la mvua lilikuwa limeshafika juu ya mlima Menengai, na tulimsikia akikohoa kule nje mpaka giza likaingia, lakini hakurudi ndani mpaka tulipomwita.